Sitara ya Mungu na Macho ya Watu

Huku kwetu pwani neno sitara lina kazi nyingi. Maiti akizikwa tunasema amesitiriwa. Ukuta wa makuti unaozunguka bafu la uani ni sitara. Anayemlipia mwenzake deni bila kutangaza amemsitiri, na mtu akinusurika na aibu kubwa huinua mikono na kusema Mungu amemsitiri. Sisi wa Bagamoyo, Waislamu na Wakristo, tunalitumia neno hili kwa namna moja. Tumelipata utotoni, kabla hatujajua nani ni wa msikitini na nani ni wa kanisani.

Nimelitanguliza neno hili kwa sababu linaangaza swali ambalo waamini wengi wananiuliza siku hizi, hasa vijana. Serikali ikitaka kujua mambo yetu, yaani simu zetu, alama za vidole vyetu, nani tunazungumza naye na tunasema nini, Mkristo afanyeje? Wako wanaojibu haraka kwamba Mungu anajua yote, kwa hiyo asiye na baya hana cha kuficha. Wako wanaojibu haraka vilevile kwamba kila anayeuliza jina lako ni adui. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na katibu wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo. Nimeishi kati ya majibu hayo mawili kwa muda wa kutosha kuona kwamba yote mawili yana upungufu.

Tuanze na vidole. Kila mwenye simu anaukumbuka mwaka 2019. Kuanzia tarehe 1 Mei mwaka ule laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole, na ili usajiliwe ulipaswa kuwa na kitambulisho cha taifa au namba yake kutoka NIDA. Mwisho ulitangazwa kuwa tarehe 31 Desemba, kisha ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Hapa kwetu watu walipanga foleni kabla ya jua kuchomoza. Majirani walinijia niwajazie fomu, na miongoni mwao alikuwa bibi mmoja Mwislamu ambaye amesuka ukili na kufua nazi tangu akiwa msichana. Nilimsindikiza. Aliweka kidole kwenye mashine, mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Vidole vyote kumi vilikuwa vimelika kwa kazi.

“Mwalimu,” aliniambia, “Mungu anavijua vidole vyangu. Hii mashine ndiyo haivijui.”

Watu kwenye foleni walicheka, naye akacheka pamoja nao. Mwishowe laini yake ilisajiliwa kwa jina la mjukuu. Tangu siku ile, kwa mujibu wa kumbukumbu, bibi yule hana simu na mjukuu wake anazo mbili.

Sisimulii haya ili kuudhihaki usajili. Sababu yake naijua, na kila msomaji anaijua. Nani kati yetu hajawahi kupokea ujumbe kutoka namba ngeni unaosema ile hela itume kwenye namba hii? Katika parokia zetu wapo wajane waliotuma akiba ya mwaka mzima kwa mtu asiye na jina. Na sisi wa Mkoa wa Pwani tunayakumbuka mauaji ya Kibiti, Mkuranga na Rufiji, wakati viongozi wa vijiji walipokuwa wakiuawa mmoja baada ya mwingine, na Aprili 2017 askari polisi wanane wakauawa kwa mara moja. Wake zao na watoto wao hawakuwa na nafasi ya kujadili faragha. Serikali ambayo haijui chochote haiwezi kumlinda mtu yeyote, na Mkristo anayeomba amani ya nchi yake asijifanye halijui hilo.

Lakini kujua kuna namna mbili, na Injili inatuonyesha zote mbili pale pale penye hori la Bethlehemu. Kuzaliwa kwa Bwana wetu kumezungukwa na maulizo mawili ya watawala. La kwanza liko katika Injili ya Luka, sura ya pili. Kaisari Augusto aliamuru watu wote waandikwe. Amri ilitangazwa wazi, iliwahusu wote, na kila mtu alijua ni ya nini. Mtakatifu Yosefu hakuikimbia. Alisafiri kutoka Nazareti pamoja na Maria, ingawa alikuwa na mimba kubwa, akaenda kuandikishwa. Bwana wetu aliuingia ulimwengu katika msimu wa kuhesabiwa watu, na wazazi wake walihesabiwa.

Ulizo la pili liko katika Injili ya Mathayo, sura ya pili. Herode aliwaita mamajusi kwa siri. Aliwauliza ile nyota imeonekana lini, akawaambia wakimpata mtoto wamletee habari, ili yeye naye aende kumsujudia. Lilikuwa ombi la mfalme mwenye kiti chake, limevikwa maneno ya ibada. Lilimhusu mtoto mmoja tu, na sababu iliyotajwa haikuwa sababu yenyewe. Mamajusi walikuwa na taarifa kamili: mji, nyumba, mama na mtoto. Wakaonywa katika ndoto, wakarudi kwao kwa njia nyingine. Kanisa halijawahi kuwaita wahalifu kwa kumnyima Herode taarifa zile. Tunawaweka katika pango la Noeli kila mwaka.

Basi Maandiko hayatuambii tukatae kuhesabiwa, wala hayatuambii tumjibu kila anayeuliza. Yanatutaka tupambanue. Karani wa sensa alipokuja nyumbani kwangu Agosti 2022, alikuwa na kitambulisho na kishikwambi, alikuja mchana, na aliuliza kila nyumba maswali yale yale. Sheria inamzuia kutoa majina yetu. Nilimjibu kwa moyo mweupe, na nilipotangaziwa kwamba tuko watu 61,741,120 nilifurahi kwamba nami nimo. Ulizo lile lilikuwa la Augusto. Nitaeleza baadaye jinsi nilivyokutana na lile lingine.

Mji wetu una historia ndefu ya watu kuandikwa. Misafara iliyotoka bara ilimalizikia hapa, na binadamu walihesabiwa pamoja na pembe za ndovu, kila mmoja kwa bei yake. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walijenga misioni yao hapa, wakawakomboa watoto na watu wazima kutoka utumwani na kuwapa makazi katika kijiji cha uhuru. Waliokombolewa nao waliandikwa, safari hii katika kitabu cha ubatizo. Mtu aliyekuwa idadi tu akapewa jina na mstari wake. Miaka ya mwisho ya karne ile serikali ya Kijerumani ikaleta kodi ya kibanda, na nyumba zikahesabiwa ili mwenye nyumba alipe. Wamisionari nao hawakuwa malaika. Watu wa kijiji cha uhuru waliishi kwa kengele na kwa ruhusa. Lakini anayeusoma mstari mmoja katika kitabu cha ubatizo, na mwingine katika hesabu ya mfanyabiashara ya watumwa, anaona tofauti bila kufundishwa. Kalamu na karatasi ni zile zile. Kinachotofautiana ni jinsi mwandikaji anavyomtazama anayeandikwa.

Baadaye tukawa na nyumba kumi. Wasomaji wa umri wangu wanamkumbuka balozi. Mgeni akilala kwako, balozi alijulishwa. Ugomvi ukizuka usiku, balozi aligonga mlango kabla ya polisi. Mfumo ule ulioanzishwa na TANU katika miaka ya 1960 ulitusaidia sana: mwizi alijulikana, mgonjwa aliyelala peke yake alijulikana, mtoto aliyetoroka shule alirudishwa. Hata hivyo kila mtu alijua pia kwamba kuna maneno hayasemwi mbele ya balozi. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata huingia ndani ya mtungi kila siku, hugusa hadi chini, na ndiyo maana mwenye mtungi hujali sana kata yake iko mkononi mwa nani.

Jumuiya zetu ndogo ndogo zinafanana na nyumba kumi kwa sura. Ni majirani, wanajuana, wanahesabika. Yetu ina kaya kumi na nane. Tunasali kila Jumamosi alfajiri, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile, na baada ya kusoma Injili kila anayetaka hutoa ombi lake kwa sauti. Ni mahali ambapo nimesikia watu wakisema mambo ambayo hawajamwambia hata ndugu wa damu.

Miaka michache iliyopita, tukielekea uchaguzi, mama mmoja wa jumuiya alimwombea mtoto wa dada yake. Kijana alikuwa amekamatwa kwa sababu ya kitu alichokisambaza kwenye simu, na mama yule alilia, akamwomba Mungu ailainishe mioyo ya wakubwa. Tulisema amina, tukanywa uji, tukaachana.

Siku ya Alhamisi mgeni alinikuta uani nachambua mchele. Alinisalimia kwa adabu, shikamoo mwalimu, nami nikamkaribisha kiti. Alilijua jina langu. Hakutaja ofisi yake. Baada ya habari za mvua na bei ya vitu, aliniomba daftari la mahudhurio ya jumuiya, na akauliza yule mama aliyemwombea kijana huwa anasema mambo kama yale mara ngapi.

“Una barua?” nilimuuliza.

“Barua ya nini, mwalimu? Haya ni mazungumzo tu.”

“Basi kwa mazungumzo, hilo daftari ni la parokia. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji akutambue, kisha uende kwa paroko. Wakiniandikia, nitawasikiliza.”

Alicheka, akamaliza maji yake, akaaga. Hakurudi. Mimi sikudhurika kwa lolote, wala yule mama hakuitwa popote. Kwa macho ya nje hakuna kilichotokea.

Lakini mgeni yule alijua maneno yaliyosemwa Jumamosi katika chumba chenye watu kumi na wanne, na hiyo ina maana kwamba mmoja wetu aliyapeleka. Nilimweleza paroko, na nikamweleza yule mama, kwa kuwa jambo lilimhusu. Habari ikaenea kama habari zinavyoenea. Jumamosi iliyofuata tulisali kama kawaida, na nilipofika wakati wa maombi nikasikia tofauti. Tuliombea wagonjwa. Tuliombea wasafiri. Tuliombea watoto wa darasa la saba na mtihani wao. Hakuna aliyeiombea nchi. Hakuna aliyemtaja kijana yule, ambaye bado alikuwa ndani. Kila mmoja alikuwa akipima maneno yake, na huku anampima aliyekaa pembeni yake. Baada ya mwezi yule mama akaacha kuja.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachoharibika. Tunapozungumza juu ya kuchunguzwa tunafikiri juu ya mtu mwenye siri mbaya itakayogunduliwa. Katika chumba kile hapakuwa na siri mbaya. Kilichopotea kilikuwa sala. Watu waliokuwa wakisema na Mungu mbele ya wenzao walianza kusema na wenzao wakimtaja Mungu. Sala yenye tahadhari ya namna hiyo inaweza kuendelea miaka na miaka, ikahudhuriwa vizuri, na daftari likaonyesha mahudhurio mema.

Kanisa limewahi kulipitia jambo hili mahali pengine kwa ukubwa zaidi. Ujerumani Mashariki ilikuwa na wizara ya usalama iliyojulikana kama Stasi, ambayo iliwatumia watu wa kawaida kuwachunguza majirani, wafanyakazi wenzao na hata waumini wenzao. Historia hiyo haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa nchi ile, alifika Zanzibar, ng'ambo ya maji haya tunayoyatazama kila siku, kutoa ushauri juu ya kuunda idara ya usalama. Huko kwao, katika mji wa Leipzig, Wakristo walikutana kila Jumatatu katika kanisa la Mtakatifu Nikolai kuombea amani. Tarehe 9 Oktoba 1989 chama tawala kilipeleka mamia ya wanachama wake wakalie viti vya kanisa mapema. Wachungaji hawakuwafukuza. Ibada ilifanyika, na wale waliotumwa wakaisikiliza. Jioni ile watu wapatao 70,000 walitembea mjini kwa amani, na haikufyatuliwa risasi hata moja. Mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ulifunguka. Mwaka 1992 wananchi waliporuhusiwa kusoma mafaili yao, wengi walikuta kwamba aliyekuwa akiwaandika alikuwa rafiki, na wengine walikuta alikuwa mwenzi wa ndoa. Serikali ile ilikuwa imekwisha kufa, lakini urafiki na ndoa zile hazikufufuka.

Sisi Watanzania hatuko kule, na ni haki kusema hivyo. Katiba yetu, katika ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake, maisha yake ya ndani na familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Ibara hiyo hiyo inaagiza kwamba haki hiyo ikiingiliwa, iwe kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Mwaka 2022 Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo ikaanza kutumika Mei 2023. Kwa hiyo nilipomuuliza mgeni wangu barua sikuwa nikileta ujuaji. Nilikuwa nikimuuliza swali ambalo Katiba ya nchi inalielekeza.

Pamoja na hayo, yapo mambo yaliyotokea kwetu ambayo mwamini hapaswi kuyafumbia macho. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa kwa sababu alikataa kuwapa polisi taarifa za watu walioandika kwa majina ya kuficha. Aprili 2020 mahakama ilimtia hatiani katika moja ya kesi zake na kumtoza faini. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti kwamba katika kesi ya madai ya kazi mjini London ilielezwa kuwa kampuni ya simu iliipa serikali yetu taarifa za simu za Tundu Lissu, na za mahali alipokuwa, katika wiki zilizotangulia tarehe 7 Septemba 2017 alipopigwa risasi Dodoma. Hakuna mahakama iliyosema kwamba taarifa zile ndizo zilizoongoza risasi, nami sisemi. Wala siandiki kwa ajili ya chama chochote. Katika jumuiya yetu wamo wa vyama vyote. Ninachosema ni kwamba ile simu tunayoiweka chini ya mto usiku inajua tulipo, na aliyepewa kuijua anaweza kumpa mwingine bila sisi kuambiwa.

Narudi sasa kwa lile jibu la haraka, kwamba Mungu anajua yote na hivyo asiye na baya hana cha kuficha. Ni kweli Mungu anajua yote. Zaburi ya 139 inatufundisha hivyo, na bibi jirani yangu alilisema lile lile kwa vidole vyake. Lakini tazameni jinsi Mungu anavyotumia ujuzi wake. Adamu na Hawa walipojiona uchi, Mungu aliyewaona vizuri kuliko walivyojiona wenyewe aliwatengenezea mavazi. Yosefu alipojua Maria ana mimba, na kabla hajaelezwa na malaika, aliamua kumwacha kwa siri asimwaibishe, na kwa uamuzi huo Injili inamwita mwenye haki. Bwana wetu mwenyewe anatuagiza tukitaka kusali tuingie chumbani na kufunga mlango. Angependa milango yote ikae wazi, asingetuambia tufunge.

Tena tazameni pale kisimani, katika sura ya nne ya Injili ya Yohane. Yesu anajua habari zote za yule mwanamke Msamaria, waume watano na yule wa sita asiye mume. Anamwambia yote. Lakini anamwambia wakiwa wawili tu, mchana wa jua kali, wanafunzi wamekwenda mjini kununua chakula. Waliporudi hakuwasimulia. Aliyetangaza alikuwa mwanamke mwenyewe, kwa hiari yake, kwa furaha, na mji mzima ukaja kwa Yesu kwa sababu ya ushuhuda wake. Laiti Bwana angeyatangaza yale mbele ya watu, maneno yangekuwa yale yale na ukweli ule ule, lakini mwanamke yule angeondoka mjini usiku.

Kwa sababu hiyo Kanisa limeilinda siri ya kitubio kwa ukali kuliko siri yoyote duniani. Padre hawezi kuifunua kwa neno wala kwa ishara, hata kwa amri ya mtawala, na akiifunua waziwazi anajitenga na Kanisa papo hapo. Mtakatifu Yohane Nepomuk alitupwa mtoni mjini Praha mwaka 1393 kwa amri ya mfalme, na mapokeo yanasema sababu ni kwamba alikataa kumweleza mfalme maungamo ya malkia. Kitubio ndicho mahali pekee ambapo mwanadamu anasema yote, na anaweza kusema yote kwa kuwa anajua yatakomea pale. Mficha uchi hazai, wanasema wahenga, na ni kweli. Anayeuficha ugonjwa wake kwa mganga haponi. Lakini methali hiyo inamhusu mkunga. Hakuna mwanamke anayejifungua katikati ya soko.

Hiki ndicho kipimo nilichokipata katika neno letu la pwani. Anayetaka kunijua, na awe tayari kunisitiri. Daktari anajua na anasitiri. Padre anajua na anasitiri. Karani wa sensa anajua na sheria inamlazimisha kusitiri. Serikali inayotunza taarifa za wananchi kwa sheria, kwa kusudi lililotajwa, na kumwadhibu anayezivujisha, inafanya kazi njema na tunapaswa kuisaidia. Lakini anayetaka kujua bila jina, bila barua na bila kusema kwa nini, amejipa nusu ya kazi ya Mungu. Amechukua macho, akaiacha huruma.

Kipimo hicho kinatuhusu na sisi wenyewe. Kuna makundi ya WhatsApp ya jumuiya ambamo ugonjwa wa mtu unaandikwa kwa jina lake la hospitali kabla hajamwambia mume wake. Kuna orodha za michango zinazowekwa hadharani, na ambaye hajatoa anaachwa na nafasi tupu mbele ya jina lake ili aone haya. Picha ya mfiwa anayegaagaa makaburini inasambazwa kabla ya udongo kukauka. Tutailaumuje serikali kwa macho yake tukiwa na yetu mifukoni? Ningependa jumuiya zetu zikubaliane mambo machache: maombi ya Jumamosi yasitoke nje ya chumba, daftari likae mahali pamoja na lisitolewe bila paroko kujua, ugonjwa wa mtu utajwe kwa ruhusa yake, na anayekuja kuuliza habari za mwenzetu aulizwe kwanza, kwa adabu na kwa kiti, yeye ni nani na ametumwa na nani.

Kuhusu yule aliyepeleka maneno, sikumtafuta, na niliwasihi wenzangu wasimtafute. Huenda aliogopa, huenda aliahidiwa kitu, huenda aliropoka tu kibarazani akidhani anazungumza na rafiki. Tungeanza kumsaka, tungekuwa kumi na wanne wanaochunguzana, na kazi ya mgeni yule tungeimaliza sisi wenyewe. Yeye naye anahitaji sitara.

Yule mama hajarudi jumuiyani. Siku ya Ijumaa jioni huwa namwendea nyumbani kwake. Tunaingia chumbani, tunafunga mlango kama Bwana alivyoagiza, na anamwombea mtoto wa dada yake kwa sauti yake yote, kwa jina lake kamili. Kijana alishaachiwa, lakini kazi hajapata. Tunawaombea pia viongozi wa nchi, na yule mgeni aliyekunywa maji yangu, ambaye jina lake Mungu analijua.